Wanawake wa Jina Moja

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Kwetu Kasese wananijua: mdomo ninao, hasira ninazo, na jambo lisiponipendeza nalisema palepale hata kama mkwe yupo. Ndiyo maana nilipowaambia dada zangu kwamba kazi ya ofisini imenitoa machozi ya mshangao, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kazi ya kuhesabu watu?" Naam, hiyohiyo ya kuhesabu watu.

Chuo chetu kina makao yake Kasese mjini na tawi dogo kule Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Mimi niko ofisi ya utafiti na mipango. Wageni wakisikia "utafiti" wanadhani tunachimba mawe au tunapima dawa. Hapana. Sisi tunakichunguza chuo chenyewe. Wanafunzi wanatoka wapi, nani anabaki, nani anaondoka na kwa nini, waliomaliza wameishia wapi. Majibu tunayapeleka kwa baraza la chuo, na baraza linaamua wapi pajengwe, kozi gani ifunguliwe, ipi ifungwe. Kabla ya ofisi hii kuwepo, mambo yaliamuliwa na mwenye sauti kubwa kikaoni.

Nilipoanza kazi niliidharau kidogo, nasema kweli. Halafu likaja suala la watoro wa Bwera. Walimu wa kule walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wanafunzi wao ni wavivu, hawapendi shule, wamelogwa na simu. Sisi tukachukua mahudhurio tukayapanga kwa siku za wiki, basi. Lo! Mapengo yote yaliangukia siku za soko la mpakani. Watoto wa watu walikuwa wanabeba mizigo ya ndizi na maharage ili wapate chakula cha wiki. Baraza likahamisha vipindi, siku za soko masomo yakawa ya jioni, na madarasa yakajaa bila mtu kuhubiriwa wala kuchapwa. Nilisimama mlangoni nikaangalia yale madawati, mwili ukanisisimka. Swali moja lililoulizwa vizuri lilikuwa limefanya kazi iliyoshinda ugomvi wa miaka. Tangu siku hiyo niliipenda kazi yangu kama mtu aliyeokoka.

Sasa, katika tawi hilohilo la Bwera kulikuwa na darasa la walimu wa chekechea. Wanafunzi wake karibu wote ni wanawake: mabinti wa mlimani Kyarumba, akina mama wa Kisinga, na wengine waliovuka kutoka upande wa Beni na Butembo wakikimbia vita. Mwalimu wao naye alitoka Butembo. Mama mnene kidogo, mpole, kitenge chake kimepigwa pasi hata siku ya mvua. Alikuja Bwera akiwa mkimbizi, akaomba chumba kimoja na ubao, akaanza. Vifaa vyake vyote alitengeneza mwenyewe: vifuniko vya soda vya kuhesabia, wanasesere wa magunzi, herufi za maboksi. Hakuwa na mtoto wala mume aliyebaki. Alikuwa na darasa lile tu.

Baraza lilitaka kujua kama darasa linafaa kuendelea. Swali la halali kabisa, maana chumba kilikuwa kinatakiwa kwa kozi ya kompyuta. Ofisi yetu ikapewa kazi: wale waliohitimu kwa mama huyu, wangapi wanafundisha leo? Bosi wangu akaandikia shule zote za eneo letu, walimu wakuu wakarudisha majina ya walimu wao waliosoma kwetu, yakaingizwa kwenye kompyuta. Mimi wakati huo nilikuwa likizo ya uzazi. Niliporudi, ripoti ilikuwa tayari imeshapigwa mhuri. Ilisema waliohitimu ni wengi, lakini wanaofundisha ni wa kuhesabu kwa vidole. Pendekezo: darasa lifungwe.

Nikatumwa Bwera nimpelekee mwalimu habari, kwa sababu, alisema bosi, "wewe ni mwanamke, utamwambia vizuri." Yaani uanamke wangu unakumbukwa siku ya kutangaza msiba tu! Nilienda nimenuna njia nzima.

Nilitegemea atakataa, atapiga kelele, nami nilikuwa tayari kupiga kelele pamoja naye. Hakukataa. Alinikaribisha chai, akasikiliza, akaweka kikombe chini.

"Mwana yangu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao Butembo, kinachosema ba badala ya wa, "kama kompyuta inasema habako, basi habako. Miye ni nani? Banamaliza, banapanda mulima, simu hazishike kule. Nilikuwa najiambia beko banafundisha. Kumbe bote balipotea."

"Mama, ni ripoti tu," nikasema.

"Hapana. Nilikula chakula ya chuo bure miaka yote hii." Akaanza kukusanya vile vifuniko vya soda akivitia kwenye mfuko. "Chukua, utapelekea mutoto wako acheze. Miye nitatafuta kazi ya kufua."

Jamani, mtu akilia unajua la kufanya. Huyu hakulia. Alikuwa ameamini kabisa kwamba maisha yake hayakuzaa kitu, na karatasi ya kumwambia hivyo imetoka ofisini kwangu. Nilirudi kwenye gari, mfuko wa vifuniko mapajani ukilia kila tukiruka shimo.

Bosi alikuwa ameniagiza pia nipitie Kisinga, nimpige picha mmoja wa wale wachache waliopatikana, maana ripoti nzuri haikosi picha. Nilimkuta shuleni karibu na hospitali ya misheni, binti mrefu mwenye mwanya, watoto wamemzunguka. Nikampiga picha, nikaandika jina lake, nikaondoka. Kabla ya kurudi mjini dereva akasema twende hadi Katunguru tununue samaki, kwa kuwa Jumapili ilikuwa inakaribia na mafuta ya gari ni ya chuo. Sikubishana.

Pale Katunguru, karibu na daraja, nyuma ya mahali wanawake wanapokausha samaki, nikasikia watoto wanahesabu kwa sauti moja. Nikachungulia. Kibanda cha mabati, mkeka, na mwanamke mfupi, mweusi tititi, anawahesabisha kwa vifuniko vya soda. Nikamuuliza amesomea wapi. "Bwera, kwa Mama," akajibu. Nikamuuliza jina. Akanitajia majina yaleyale mawili ya binti wa Kisinga. La nyumbani lilelile, la ubatizo lilelile.

Nilisimama pale mdomo wazi, inzi wa samaki wananitua usoni.

Inafaa nieleze, kwa asiyetujua. Sisi Wakonzo mtoto hatafutiwi jina. Jina linamsubiri. Msichana wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana hivyohivyo. Ndugu zetu Wanande, upande wa Kongo, wana desturi hiyohiyo, kwa sababu mpaka ulitukuta tumeshazaana. Ukisikia jina la mtu unajua amezaliwa wa ngapi. Juu yake tunaongeza jina la mtakatifu, na watakatifu tunaowapenda ni walewale. Kwa hiyo ukisimama sokoni Bwera ukaliita jina langu kamili, watageuka wanawake wa kutosha kuanzisha kwaya.

Nikampigia bosi simu palepale darajani, upepo unavuma, nimeziba sikio moja kwa kidole.

"Bosi, majina yaliyojirudia mliyafanyaje?"

"Tuliyafuta, madam. Ni kusafisha takwimu. Hawa walimu wa nasari wanafundisha shule mbili mbili, asubuhi hapa, mchana pale. Wakuu wote wawili wanamwandika. Mtu moja asihesabiwe mara mbili."

Sababu yake ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililonitia wazimu. Sio uvivu, sio ubaya. Alitaka tusilidanganye baraza.

"Bosi," nikamwambia, "hapo ofisini ukiitwa jina lako kwa nguvu, nani anaitika?"

Bosi wangu ni mtoto wa pili wa kiume. Dereva wangu, aliyekuwa anachagua samaki nyuma yangu, ni wa pili wa kiume. Mlinzi wa geti, wa pili wa kiume, jina moja wote watatu. Kila siku tunawatofautisha: wa juu, wa gari, wa geti. Kila siku! Mtu amezaliwa ndani ya desturi, ameoa ndani yake, watoto wake wamepewa majina kwa zamu, halafu akikaa mbele ya kompyuta anaisahau kana kwamba ameshushwa kutoka mwezini. Nyani haoni kundule.

"Mungu wangu," bosi akasema polepole. "Madam, nimefuta watu."

Sikumcheka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kitu gizani na kugundua ni mkono.

Baraza lilikuwa likae Jumamosi, palepale Bwera, kutangaza uamuzi. Mwenyekiti wake ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande hata akiwa kanisani. Tulimfuata nyumbani mimi na bosi, bosi akaeleza kosa lake bila kujificha, nami nikamheshimu kwa hilo. Akaomba muda wa kuhesabu upya.

"Hapana," Afande akasema. "Wiki ile mulinipa namba, mukasema ni ya kweli. Leo munasema ilikuwa ya uongo. Kesho mutanipa ingine. Mimi naamini gani? Leta watu."

"Afande, wako mlimani, wako ng'ambo ya mpaka..."

"Sitaki hadithi. Leta watu Jumamosi. Hakuna watu, hakuna darasa. Tawanyika!"

Tulitawanyika, watu wazima sisi. Redio ya mji ikatangaza kwa Lhukonzo na Kiswahili. Mapadri na wachungaji wakatangaza kwenye misa na ibada za asubuhi. Wachuuzi wanaovuka mpaka wakapewa ujumbe waupeleke kule, na bodaboda wanaopandisha sukari Kyarumba wakaambiwa wapige kelele kila njiapanda: waliosoma chekechea kwa Mama, mje Bwera. Mwalimu mwenyewe nilimwambia kuna kikao tu. Niliogopa. Asiyekuwepo na lake halipo, na kama wangekuja wawili watatu, ningekuwa nimemzika mara ya pili mbele ya watu.

Jumamosi asubuhi uwanja wa tawi ulikuwa mtupu. Afande kiti chake mbele, fimbo magotini. Bosi ameloa jasho. Mwalimu amekaa pembeni na kitenge chake cha pasi, mikono imelala, ametulia kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu anayoijua. Alifika yule mrefu wa Kisinga. Alifika yule mfupi wa Katunguru, ananuka moshi wa samaki. Wakasimama wawili, uwanja ukazidi kuonekana mkubwa. Nikaanza kumwomba Mungu kwa maneno ambayo si ya kanisani.

Halafu nikasikia watu juu yetu. Ile njia ya mlimani inateremka nyuma ya jengo, na huwaoni watu mpaka wamekaribia. Walikuwa wanashuka kwa mstari mmoja, watoto mgongoni, viatu mkononi kwa ajili ya utelezi, wengine na vikapu vya maharage vichwani kwa sababu mtu haendi kwa mwalimu wake mikono mitupu. Wakafika, wakaosha miguu bombani, wakavaa viatu, wakaingia. Nyuma yao bado mstari unashuka. Kutoka barabarani bodaboda zikaanza kumwaga wengine, watatu watatu. Kutoka mpakani wakaja kwa miguu wakiwa wamevaa vitenge vya sare, wanaongea kwa sauti ile ya Kikongo ya kuimbaimba. Weee! Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilikuwa nimeziona namba maisha yangu yote ya kazi, sikuwahi kuziona zikitembea.

Mwalimu alikuwa amesimama. Hakusogea, alikuwa anatazama tu, mkono umeziba mdomo.

Afande akafungua ripoti, akasoma jina la kwanza katika wale wachache waliopatikana. "Simama!"

Upande mzima wa uwanja ukasimama.

Akaangalia karatasi, akawaangalia wao. Akasoma jina la pili. Upande mwingine ukasimama. Wanawake wenyewe wakaanza kucheka, wakagongana viganja, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili, wa Kongo na wa Kisinga wanaitana majina yao wenyewe. Bosi wangu alikuwa amekaa kichwa mikononi.

Lakini Afande ni Afande. "Nitajuaje hawa si wanawake wa soko?" akauliza. "Jina kila mutu ako nayo."

Hapo ndipo mwalimu akatembea hadi katikati ya uwanja. Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono mbele, kiganja chini, akaushusha taratibu, akanong'ona, "Mutoto iko nalia."

Wakachuchumaa. Wote, kwa pamoja, nguo zao zikatoa mlio mmoja kama upepo kwenye migomba. Wenye watoto mgongoni wakachuchumaa, wa mlimani, wa ng'ambo, wote mikono wazi, macho kwenye urefu wa mtoto asiyekuwepo. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kwa kila mwaka: mtoto usiongee naye ukiwa juu yake. Hakuna mwanamke wa soko ambaye angefanya vile bila kuambiwa. Katika uwanja mzima tulibaki tumesimama sisi wa ofisi na baraza, kama miti iliyosahauliwa kukatwa, na mimi nilikuwa nalia bila aibu yoyote.

Afande akavua kofia. "Darasa inabaki," akasema. Akakohoa. "Mwalimu, endelea na kazi."

Alitaka iishie hapo, lakini wanawake hawakuondoka. Mwalimu alianza kupita kati yao, anamshika kila mmoja shavu, anauliza, "Weye uko wapi sasa?" Kisinga, Mama. Katunguru. Kasindi. Kyarumba, kwa masista. Bosi akatoa kalamu akawa anamfuata nyuma, anaandika upya, safari hii jina na baba na mama na kijiji. Nami nikaona kitu kingine kilichonitia baridi: wengi walitaja mahali ambapo sisi hatukuandikia barua kabisa. Tulikuwa tumeuliza shule. Hawa walikuwa kanisani, chini ya turubai, kwenye mabanda ya kukaushia kahawa.

Mwisho kabisa, karibu na bomba, alibaki binti mmoja wa mlimani aliyekuwa anajificha nyuma ya wenzake. Mwalimu akamuuliza kama alivyowauliza wengine. Binti akaangalia chini.

"Mimi sina shule, Mama. Nafundisha jikoni kwangu. Watoto wanajaa, mpaka nimehamisha moto, siku hizi napika nje."

Bosi akamuuliza jina. Akalitaja kwa sauti ndogo. Lilikuwa lilelile la Kisinga, lilelile la Katunguru, lilelile alilokuwa ameliandika asubuhi ile mpaka mkono umechoka. Kalamu yake ikasita juu ya karatasi, nadhani kwa mazoea tu.

Mwalimu akauona ule mkono umesita. Yeye aliyekubali bila ubishi alipoambiwa hakuzaa kitu, akageuka, akasimama mbele ya bosi wangu, machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapaza sauti.

"Andika, baba. Andika! Huyu ni mwingine."